Kushika, kuona au kusikia: kuchagua namna ya kuendesha kliniki ya ubongo na mishipa ya fahamu wakati wa janga

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba korona sasa ni janga la dunia. Jumatatu iliyofuata nilikaa na muuguzi mwenzangu mbele ya daftari la miadi ya wiki ile, tukiwa na agizo la kupunguza majina yabaki robo. Tulianza kwa umri: wazee wote wasije. Tulipofika jina la tisa tukaweka kalamu chini. Lilikuwa la bibi wa miaka 70 na ushee mwenye miastenia, ule ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, ambaye wiki mbili kabla alikuwa ameanza kupaliwa na maji. Juu yake palikuwa na jina la kijana wa kipanda uso aliyetulia na dawa zake tangu mwaka uliotangulia. Kwa kanuni yetu, kijana angekuja na bibi angebaki nyumbani.

Tukafuta, tukaanza upya. Safari hii kila jina tuliliuliza swali moja: ili tumsaidie huyu leo, ni lazima tumshike, tumwone, au inatosha tumsikie? Ulinganisho huu wote umesimama juu ya swali hilo. Nauandika kwa ajili ya yeyote anayesimamia kitengo cha aina yetu, kwa sababu mlipuko mwingine utakuja, na uamuzi unaofanywa kwa haraka asubuhi ya kwanza huwa unakaa miezi.

Simu ya kawaida, simu ya video, au ana kwa ana

Simu ya kawaida inadharauliwa bure. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni maelezo: maumivu yalianza lini, yalianzaje, nini kinayachochea, umeanguka mara ngapi mwezi huu. Kwa kipanda uso kilichokwisha kutambuliwa, au kifafa kilichotulia ambacho mgonjwa anahitaji tu kuongezewa dawa na kuulizwa madhara yake, simu inatosha. Mara nyingi inaishinda hata video, maana haikwamikwami, haili bando, na mzee hahitaji kusubiri mjukuu arudi ndipo amshikie kioo.

Kwa kifafa simu ina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Anayejua kilichotokea ni aliyeshuhudia. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amepoteza fahamu. Kliniki, mgonjwa huja peke yake huku shahidi akiwa kazini. Kwenye simu nilikuwa namwambia, "Nipe huyo aliyekuona," na ndani ya dakika tano napata maelezo niliyoyakosa kwa ziara tatu.

Simu hata kupima inapima, kwa kiasi. Bibi yule wa miastenia tulimpigia. "Bibi, vuta pumzi ndefu mpaka mwisho, halafu hesabu kwa sauti, haraka haraka, bila kuvuta pumzi nyingine." Mtu mzima mwenye kifua kizima hufika karibu 50 kwa pumzi moja. Asiyefika 20 anatia shaka kwamba misuli ya kupumulia imeanza kulegea. Bibi alifika 14, na sauti ilikuwa imekwisha kwenda puani. Alifika wodini siku ile ile. Hakuna aliyemshika wala kumwona. Alisikika, na hiyo ilitosha kujua kwamba sasa ni lazima ashikwe.

Video ina mahali pake, na mahali hapo ni magonjwa ya mwendo. Mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kuwa mzito, unamwona anavyoamka kitini, anavyogeuka, mkono usiozungusha, vidole vinavyopungua kasi anapovigonganisha, uso uliokauka. Unamwona nyumbani kwake, ukumbi mwembamba na kona anayokwama, mambo ambayo chumba cha kliniki hakikuonyeshi. Lakini vitu viwili havipiti kwenye kioo: ukakamavu wa viungo, ambao lazima uukunje mkono wake mwenyewe, na kipimo cha kumvuta mabega kwa nyuma uone kama atajizuia asianguke. Vivyo hivyo kugonga goti, kupima hisia za ngozi na kutazama nyuma ya jicho. Ukiendesha kliniki ya Parkinson kwa video, andika kwenye faili kwamba mambo hayo hayakupimwa. Ukiacha pengo bila maelezo, atakayekufuata atadhani yalipimwa yakawa sawa. Na usimwambie mtu anayeangukaanguka atembee mbele ya kamera kama hana wa kusimama ubavuni mwake.

Kuna video ya aina nyingine ambayo ningeiweka juu ya zote: ile ambayo ndugu ameirekodi mtu akiwa katikati ya tukio. Tuliwafundisha familia hivi: kwanza mlaze ubavu na uondoe vitu vigumu, kama kuna mtu wa pili, yeye ndiye arekodi, aonyeshe mwili mzima, kisha uso, na hasa macho kama yamefumba au yamefumbuka. Mtikisiko ukizidi dakika 5, acha kurekodi, tafuta gari la wagonjwa. Picha za namna hiyo zimenisaidia kutenganisha kifafa na kuzimia kuliko vipimo vingi vya gharama.

Kuonana ana kwa ana kubaki kwa nani, basi? Mimi huanza na mgonjwa mpya mwenye udhaifu wa mkono au mguu, ganzi inayopanda, macho yanayofifia, au maumivu ya kichwa yasiyofanana na ya zamani. Wapo wanaoamini kwamba kila mgonjwa mpya anaweza kuanzia kwenye video. Sikubaliani nao. Video inaweza kuamua nani aje kesho na nani aje wiki ijayo, lakini utambuzi wa mara ya kwanza wa ugonjwa wa uti wa mgongo unataka nyundo na mikono. Na aliyepigwa na maumivu ya kichwa ya ghafla yaliyofika kilele kwa sekunde asipangiwe kliniki kabisa, yeye ni wa mapokezi ya dharura saa hiyo hiyo.

Kabla hujachagua simu kwa ajili ya wengi, fikiria wanaoachwa nje: asiyesikia vizuri, aliyepoteza usemi baada ya kiharusi, na asiye na faragha. Huyu wa tatu husahaulika. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayetumia valproeti, dawa ya kifafa, lazima aulizwe kuhusu mimba, kwa sababu dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni. Anajibuje ikiwa simu ameshikiwa na mama mkwe? Tulijifunza kuanza na swali hili: "Uko peke yako? Nijibu ndiyo au hapana tu." Akisema hapana, tunapanga saa nyingine, au tunamwita aje.

Kiharusi: njia ya kawaida au njia ya tahadhari kwa wote

Hapa chaguo ni kati ya kumchunguza kila anayeingia kwanza, kama ana dalili za maambukizi, ndipo uamue avaliwe vifaa gani, au kumchukulia kila mgonjwa wa kiharusi kuwa ameambukizwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Njia ya kwanza inaokoa vifaa kinga, na kama barakoa zimebaki za siku mbili naelewa kwa nini mtu aipende. Tatizo lake ni kwamba mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kusema. Humuulizi kama alikuwa na homa. Ndugu wameachwa getini. Utasubiri jibu la kipimo huku ubongo unakufa: hesabu iliyochapishwa na daktari Jeffrey Saver mwaka 2006 inasema kiharusi cha mshipa mkubwa kisipotibiwa hupoteza seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina dirisha la saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ndani ya dirisha hilo kila dakika ina thamani.

Njia ya pili ndiyo ningeichagua, bila kusita. Mgonjwa anavikwa barakoa akiwa bado kwenye gari. Timu ya mapokezi inakuwa ya watu wachache mno: daktari mmoja na muuguzi mmoja wanaomgusa, wa tatu amesimama nje ya mlango na saa na karatasi, akisoma orodha na kupiga simu. Kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, kinaandaliwa kabla hajafika. Vifaa vinavaliwa kabla ya kuingia, wala si nusu nusu katikati ya kazi. Tulifanya mazoezi ya kuvaa kwa kuhesabiwa muda, na mara ya kwanza mmoja wetu alitumia karibu dakika saba kwa sababu miwani ilikuwa inajaa ukungu. Baada ya mazoezi ya siku chache zilishuka hadi mbili. Dakika tano hizo tulizipata kwa kurudiarudia, bila kununua chochote.

Lakini hata mlango uwe mzuri namna gani, wagonjwa wasipokuja haina maana. Mwaka 2020 hospitali za nchi nyingi ziliona wagonjwa wa kiharusi wakipungua ghafla, hasa wale wenye dalili nyepesi, kwa sababu watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa. Wakati wa kuchagua mpango, tenga nguvu ya kutangaza kwamba mlango wa kiharusi uko wazi. Sisi tulichelewa kufanya hivyo, na wapo waliokuja siku ya nne, mkono umekwisha kukakamaa.

Dawa za kudhoofisha kinga na tiba za kutundikiwa: kuahirisha au kuendelea

Woga wa wiki za kwanza ulikuwa kwamba kila dawa inayopunguza kinga isimamishwe. Huo ulikuwa ushauri mbaya kwa wengi. Kwa multipo sklerosisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, dawa hazifanani, na uamuzi mmoja kwa wote haufai.

Natalizumabu ikisimamishwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo ndani ya miezi michache. Ila unaweza kupanua nafasi kati ya dozi, kutoka kila wiki 4 hadi kila wiki 6, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa wengi waliokwisha kutulia walibaki wametulia kwa mpangilio huo. Kwa mgonjwa ni safari chache zaidi hospitalini kwa mwaka. Okrelizumabu na rituksimabu ni kinyume: nguvu yake hudumu muda mrefu baada ya dozi, kwa hiyo kuchelewesha kidogo kuna hatari ndogo, wakati ikijulikana kwamba dawa hizo zilihusishwa na korona kali zaidi na zinapunguza mwitikio wa chanjo. Hapo kuahirisha kwa kipimo, ili chanjo itangulie, kulikuwa na mantiki.

Kwa Guillain-Barré, ambako kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, imunoglobulini (protini za kinga za kutundikiwa) na kusafisha plazima (majimaji ya damu) zinalingana kwa matokeo, kwa hiyo chagua kwa mazingira. Kusafisha plazima kunataka mashine, mrija kwenye mshipa mkubwa, na muuguzi wa kukaa karibu na mgonjwa kwa saa kadhaa, mara 5 hivi katika wiki mbili. Imunoglobulini inatundikwa siku 5 na watu wanaingia chumbani mara chache. Janga linaielekeza mizani kwenye imunoglobulini, mpaka akiba inapoanza kuisha: inatokana na plazima ya wachangiaji, na watu wakijifungia ndani uchangiaji nao hupungua. Hesabu chupa zako kila wiki.

Vipimo vya EEG, yaani vya umeme wa ubongo, na vya mishipa ya mikono na miguu sitavikalia. Vya kawaida vinaweza kungoja. Aliyelala bila fahamu kwa sababu isiyojulikana apimwe kitandani kwake, kwa muda mfupi, na waya zisafishwe.

Vikosi viwili au zamu za kawaida

Kugawa watu vikosi viwili visivyokutana, kimoja kazini wiki hii na kingine nyumbani kikipiga simu za wagonjwa, kuna faida moja kubwa: mmoja akiugua, nusu ya kitengo inabaki imesimama. Kwa zamu za kawaida una mikono mingi kila siku, lakini mmoja akipimwa na kukutwa na virusi unaweza kujikuta na kitengo kizima karantini.

Hata hivyo vikosi vina gharama zake. Makabidhiano hudhoofika, kwa sababu anayekupa mgonjwa humwoni. Wale wa nyumbani huhisi wametengwa, wale wa kazini huhisi wanabebeshwa. Na kitengo cha watu watano hakigawanyiki. Ukikigawa, kikosi cha wawili kikipungukiwa mmoja hakuna kitengo tena. Maoni yangu: mkiwa kama wanane kwenda juu, gawaneni. Chini ya hapo, bakini na zamu ila tenganisheni vyumba na hasa muda wa mapumziko. Kwetu, maambukizi tuliyoweza kuyafuatilia hayakutoka kwa wagonjwa. Yalitoka kwenye kile chumba kidogo cha kupumzikia, ambako watu walivua barakoa, wakakaa bega kwa bega, kwa sababu hapo ndipo walipojisikia salama.

Suala la kuhamishiwa wodi za janga huleta manung'uniko zaidi. Kumzuia kila mtu wa mishipa ya fahamu asiende ni kuwaacha wenzetu wazame. Kuwapeleka wote ni kuua huduma ya kiharusi na kifafa. Tulichokiona ni kwamba mtu wetu mmoja katika wodi ya korona ana thamani ya kipekee. Ndiye anayetambua kwamba mgonjwa "aliyechanganyikiwa" amepata kiharusi. Ndiye anayeona azithromaisini au haidroksiklorokwini imeandikwa kwa mgonjwa wa miastenia, dawa zinazoweza kumlegeza zaidi, akaizuia kabla haijatolewa. Kwa hiyo peleka wachache, kwa kubadilishana, kila mmoja akiwa na mafunzo kabla ya siku ya kwanza, mtu wa kumuuliza usiku, na tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu anavumilia wiki sita anazozijua kuliko tatu zisizo na mwisho.

Kuwasaidia watu: maneno au mzigo mwepesi

Utafiti uliofanywa China mwanzoni mwa 2020 kwa wahudumu wa afya 1,257 ulikuta nusu yao wana dalili za sonona, na 34.0% hawalali vizuri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kufikia Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,500 walikuwa wamekufa kwa korona. Watu wako wanajua hivyo hata kama hawasemi. Swali ni uwasaidie vipi.

Wasimamizi wengi hukimbilia namba ya simu ya ushauri nasaha na bango la "jitunze". Ushauri nasaha una kazi yake, na anayeuhitaji aupate kwa siri na haraka. Lakini ukiweka upande mmoja namba ya simu, na upande wa pili ratiba iliyotoka wiki mbili kabla, barakoa inayomkaa mtu usoni, maji, kiti, na saa moja ya mapumziko isiyovunjwa, ningenunua vya upande wa pili kwanza. Muuguzi mmoja aliniambia, bila hasira, "Sihitaji mtu wa kuniuliza ninajisikiaje. Nahitaji kujua Alhamisi nani atamchukua mtoto wangu." Tulibadilisha zamu yake ya Alhamisi. Hakuwa na tatizo la moyo la kutibiwa, alikuwa na tatizo la ratiba.

Kuna chaguo lingine linalohitaji tahadhari. Baada ya kifo kibaya wodini, baadhi ya hospitali huita kikao kimoja cha lazima, kila mtu asimulie alichoona na alivyojisikia. Nia ni njema, lakini tafiti zilizokusanywa miaka mingi kabla ya korona zilikwishaonyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii msongo wa baada ya kiwewe, na baadhi ya watu kinaweza kuwaumiza zaidi. Badala yake tuliwapanga wawili wawili, kila mtu na mwenzake, jukumu lao likiwa kutazamana: umekula, umelala, mbona leo umekosea dozi mara mbili, wewe si wa kukosea. Anayetaka kuzungumza anazungumza, asiyetaka anasindikizwa tu hadi getini. Mwenzake akiona hali inazidi, anajua nani wa kumwambia.

Na wasisahaulike wanafunzi wa udaktari bingwa. Kliniki zikihamia kwenye simu, wao hupoteza wagonjwa wa kuwashika, na mwaka wao wa mafunzo unapita. Waunganishe kwenye simu mgonjwa akikubali, wapewe nusu saa ya kujadili, na hao wachache wanaokuja ana kwa ana wapimwe na mwanafunzi kwanza.

Wimbi likishuka

Kurudisha miadi iliyoahirishwa kwa mfuatano wa tarehe kunaonekana ni haki, na ndivyo ofisi ya kumbukumbu itakavyopendekeza. Kurudisha kwa swali lile lile la mwanzo ni kazi zaidi, maana kila faili lifunguliwe, lakini ndivyo nilivyofanya na ndivyo ningefanya tena: wa kushikwa kwanza, wa kuonwa wafuate, wa kusikika waendelee na simu kama wanaipenda, na wengi waliipenda. Yakabaki majina ambayo hayakupokea simu mara tatu. Tuliyaandika ukurasa wake peke yake, na muuguzi mmoja akapewa Ijumaa mchana, kila wiki, bila kazi nyingine, awatafute.